Kebo Zinatua Mombasa, Mbona Risasi Yangu Ipitie Ulaya?

Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku na kitu, nilikuwa nimesimama nyuma ya dogo mmoja wa Msambweni kwenye chumba cha gemu ninakofanya kazi hapa Ukunda. Ana miaka 17. Alikusanya shilingi 500 akalipia mashindano ya mtandaoni, akapanda matatu kuja kwetu kwa sababu kwao laini inasumbua. Akamwona adui kwanza. Akapiga kwanza. Halafu akafa yeye. Mara tatu hivyo hivyo, hadi akatolewa. Akaweka padi chini: "Kaka, mimi mikono yangu mizito tu."

Mikono yake haina shida yoyote. Shida ilikuwa pale kwenye kona ya kioo, kinamba kidogo chekundu: 187.

Kwa msiocheza, hiyo ndiyo pingi. Ni muda, kwa milisekunde, kutoka ubonyeze kitufe hadi seva ikujibu. Mashindano yaliandaliwa na Wakenya, lakini seva ilikuwa Ulaya, na wapinzani wake wengi ni Wakenya wanaoishi huko huko. Wao wana 20, yeye 187. Ni kama kukimbia mbio na mtu aliyesikia filimbi kabla yako. Na hata dogo akitaka kucheza na binamu yake, nyumba ya tatu pale kwao, risasi itoke Msambweni iende Ulaya ikaulize ruhusa ndio irudi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda kabla hatujafika somo la mitandao, kwa hiyo haya nimejifunza nikivuta nyaya darini. Mwanga ndani ya kebo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ikiwa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100, hapo hujahesabu foleni za njiani. Lipia bando ya bei yoyote unayotaka, huo muda hautapungua.

Ndio maana hasira zangu ziko kwa matangazo ya intaneti. Kila bango ni megabiti, megabiti. Wanatuuzia upana wa barabara wakati sisi tunauliza safari ni ya dakika ngapi. Ukilalamika, mtu wa huduma kwa wateja anakwambia ufungue YouTube, "si inacheza?" Inacheza, ndio! Video nyingi zinazotazamwa sana zimehifadhiwa kwenye mashine zilizo humu humu Kenya, na video inaweza kujipakia mbele ikakusubiri. Gemu haiwezi kupakia mbele kitu ambacho adui yako bado hajakifanya.

Kinachouma zaidi ni kwamba sisi ndio mlango. SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na baadaye PEACE inayokwenda hadi Marseille. Intaneti ya Nairobi, na ya Kampala pia kwa sehemu kubwa, inapita hapo ng'ambo ya feri ya Likoni. Mombasa kuna vituo vya data. Kuna hata tawi la KIXP, ile sehemu ambapo kampuni za intaneti za Kenya zinabadilishana mizigo ili ujumbe wa Mkenya kwa Mkenya usitoke nje ya nchi. Kinachokosekana ni seva ya gemu ndani yake.

Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini. Chumbani kwetu vijana walidhani bosi hajalipa bili, kidogo anipigie mtu kelele. Siku ile hata waliozoea seva za Johannesburg waliumia. Lakini siku za kawaida, Johannesburg inanipa 70 hivi kutoka hapa. Counter-Strike na Dota 2 zina seva huko. Kumbe inawezekana bara hili. Kampuni nyingine za gemu husema wachezaji wetu ni wachache. Wanahesabu waliobaki, yule aliyefuta gemu baada ya kufa mara tatu hajahesabiwa.

Na sisi wenye vyumba vya gemu tusijitoe. Nimeona mahali, kuanzia Kona ya Musa hadi Msambweni, rauta moja imetundikwa karibu na feni, mashine nane zote kwenye wifi, na moja inashusha sasisho la gigabaiti 40 saa mbili usiku. Hapo hata seva ingekuwa Tiwi ungeganda tu. Mimi nilinunua waya, kila mashine ikachomekwa, na nikaweka kanuni kwenye rauta: sasisho zote ni baada ya saa sita usiku, na gemu ipite kwanza. Pingi ya Ulaya ilibaki pale pale, lakini iliacha kuruka kutoka 180 hadi 400. Ile kuruka ndiyo inaua zaidi, maana pingi mbaya iliyotulia unaweza kuizoea. Stima ikipotea sasa, hilo sina dawa.

Ninachotaka si kikubwa. Anayeuza intaneti aandike kwenye bango pingi yake ya saa tatu usiku hadi Johannesburg na Marseille. Anayeandaa mashindano aseme seva iko wapi kabla hajachukua pesa ya mtu, na kama nusu ya wachezaji wako Kenya, aiweke Johannesburg tukutane katikati.

Mwandaaji yule ana mashindano mengine mwezi ujao, ada ile ile. Nimemwandikia swali moja tu: seva iko wapi? Alama za bluu zimetokea tangu juzi, jibu hamna. Dogo ananiuliza kama alipe. Nimemwambia asubiri kwanza.