Mlima wa Kuendea Watu Tisa

Mpwa wangu aishiye Salt Lake City, Marekani, mji ambao hivi leo hauna uhaba wa wasemaji wa Kiswahili, hasa waliotoka Kongo na Burundi, ameniletea shauri la kuamua. Yeye na mkewe, vijana wao wawili na wenzake watano wa kiwandani wamekusudia kukodi pikipiki za theluji kwa siku tatu mwezi wa Februari. Fedha zimekwisha changwa. Lililobaki ni kuchagua mlima, na hapo ndipo walipogombana.

Kwa ambao hawajapata kukiona chombo hicho: kina kiti na usukani mfano wa pikipiki, mbele kinateleza juu ya mbao mbili, na nyuma kinasukumwa na mkanda mpana wa mpira uzungukao kama wa katapila. Aliyekianzisha, Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, Kanada, alifiwa na mwanawe mdogo mwaka 1934, kwa kuwa barabara zilizibwa na theluji na mtoto hakuweza kufikishwa hospitali. Baba yule akatia nia ya kutengeneza gari la kupita juu ya theluji, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa pikipiki ndogo ya mtu mmoja au wawili. Chombo kilichozaliwa na msiba leo ni cha mchezo, nami siwalaumu wanaokichezea.

Mpwa wangu anataka Revelstoke, British Columbia. Rafiki yake mmoja anataka Cooke City, Montana. Mkewe ametaja West Yellowstone, pia Montana, kwa sababu, asema, huko pana njia. Wakamcheka. “Mjomba, amua wewe,” kaniandikia mpwa wangu, akitumaini bila shaka kwamba mjomba hatamtupa mtu wake.

Nimewauliza swali moja tu: kati ya hao tisa, ni wangapi walikwisha endesha chombo hicho katika theluji isiyokanyagwa? Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Ni wawili.

Basi tuitazame milima yenyewe. Revelstoke ina sifa zake, wala si za uongo. Katika Mlima Copeland, karibu na mji huo, majira ya baridi ya 1971 na 1972 ilianguka theluji ya zaidi ya mita 24. Mpanda hodari hawezi kutamani zaidi ya hapo. Lakini tangu Salt Lake City ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 na mpaka wa nchi juu yake, na katika kundi letu wenye pasipoti ni wanne. Tena ni huko, katika Mlima Boulder, ambako tarehe 13 Machi 2010 watu wapatao 200 walikusanyika kutazama mashindano ya kupanda mteremko kwa pikipiki hizo. Theluji ikaporomoka juu ya watazamaji. Wawili walikufa na wengine wapatao 30 wakajeruhiwa, na wengi wao walikuwa wamesimama tu.

Cooke City ni kijiji kidogo kilichozungukwa na miteremko mikali. Majira ya baridi, barabara ya mashariki hufungwa na theluji, na gari hufika kwa njia moja tu, ipitayo ndani ya hifadhi ya Yellowstone upande wa kaskazini. Hospitali iko mbali kupita kilomita 100. Isitoshe, injini ya kawaida hupungukiwa nguvu kwa kadiri ya asilimia 3 kila ipandapo mita 300, hivyo ukifika mita 3,000 umekwisha poteza kama theluthi yake. Asiyejua kuendesha hukwama katikati ya mteremko, na mwenziwe hupanda juu yake kumsaidia. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, maana uzito wa mashine ya pili waweza kuukata mteremko mzima.

Nitawaeleza lililonifanya nikaze moyo. Tarehe 28 Desemba 2008, watu 11 wa mji wa Sparwood, British Columbia, walikuwa milimani karibu na Fernie na pikipiki zao. Hawakuwa wageni wa theluji. Poromoko la kwanza likawafukia saba. Wanne waliosalia wakakimbilia kuwachimbua, kama mimi na wewe tungalivyofanya, na poromoko jingine likawafukia na wao. Walionusurika ni watatu.

Kwa hiyo nimemwandikia mpwa wangu kwamba mkewe ameshinda. West Yellowstone ni safari ya saa tano hivi kwa gari, na imezungukwa na njia ndefu zinazosawazishwa kwa mashine, ambazo mwanagenzi anaweza kuzifuata bila kupanda mteremko mkali. Wakitaka kuingia hifadhini hadi Old Faithful, chemchemi irushayo maji ya moto, ni kilomita 48; sharti wawe na kiongozi aliyeidhinishwa na mashine za aina isiyo na kelele nyingi. Baridi yake ni kali mno, yaweza kushuka chini ya nyuzi 30 pungufu ya sifuri. Mimi mwenyewe nilipomtembelea mwaka mmoja nilipakiwa nyuma saa moja tu, na vidole vyangu vilikataa kushika kikombe cha chai hadi jioni.

Hata huko, upande wa Lionhead una miteremko iuayo. Wale wawili wazoefu wakiona mashaka ya kukaa njiani, wasome kwanza taarifa ya hatari ya maporomoko, itolewayo kwa madaraja matano, na wasihadaike na daraja la tatu kwa kuwa liko katikati; wengi hufa siku za daraja hilo. Kila mmoja avae kifaa kirushacho ishara za redio, abebe beleshi na ufito mrefu wa kuchomea theluji, na mteremko upandwe na mtu mmoja mmoja, wengine wakingoja kando wakimtazama. Aliyefukiwa ana dakika 10 hadi 15 tu za matumaini. Msaada wa mjini hauwahi; wawahio ni wenzake.

Mpwa wangu amejibu kwa ufupi. Hakunishukuru. Amesema wale wawili watakwenda Cooke City mwaka ujao peke yao, na ameniuliza kama zile glavu nilizoziacha kwake bado nazitaka, maana mkewe ameziona zinamfaa.