Ukarimu Usiogusa Daftari

Vitabu vya biashara vinavyouzwa leo kutoka Nairobi hadi Durban vimeugundua ukarimu. Mfanyabiashara anashauriwa atoe, asaidie, awasikilize walio chini yake. Na sababu anayopewa ni kwamba kutoa kunalipa. Katika Give and Take, kilichotoka mwaka 2013, Adam Grant anakiri kuwa watoaji hupatikana chini kabisa ya ngazi ya mafanikio na pia juu kabisa, kisha anamwonyesha msomaji namna ya kuwa mtoaji wa kundi la juu. Uchunguzi wake ni wa makini, na hapana kosa kumwambia mtu mwema kwamba si lazima wema wake umfilisi. Kosa limo katika hatua inayofuata: wema ukishatetewa kwa faida, siku faida itakapokosekana wema nao utakosa mtetezi. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Vitabu hivi vinasema tenda wema usubiri risiti.

Mji wa Durban una ushahidi wa usomaji wa namna nyingine. Mwaka 1904 wakili Mohandas Gandhi alisafiri kwa treni kutoka Johannesburg kwenda Durban, mkononi akiwa na kitabu alichopewa na rafiki yake Henry Polak: Unto This Last cha John Ruskin. Kitabu hicho, kilichotokana na makala za mwaka 1860, ni kitabu cha uchumi. Ruskin alishikilia kwamba ujira uwekwe kwa haki, usiachiwe ushindani wa wenye njaa. Na kwamba mfanyabiashara, sawa na askari na tabibu, ana wajibu ambao hana budi kuutimiza hata ukimtia hasarani. Gandhi alisimulia baadaye kuwa usiku ule hakupata usingizi.

Kilichofuata hakikuwa hotuba. Ekari mia moja zilinunuliwa Phoenix, nje ya Durban, kwa pauni 1,000. Mtambo wa gazeti la Indian Opinion ukahamishiwa shambani. Ikapendekezwa kwamba kila mfanyakazi, awe mhariri au mpanga herufi, apate pauni 3 kwa mwezi. Parsee Rustomjee, mfanyabiashara wa mjini, alitoa mabati na vifaa vya kujengea. Baadhi ya wafanyakazi hawakuyakubali masharti, wakaendelea na mishahara yao. Kukataa kwao ni ushahidi kwamba pendekezo lilikuwa na uzito: lilibadilisha nani analipwa nini.

Haifai kuigeuza Phoenix kuwa hekaya ya watakatifu. Ashwin Desai na Goolam Vahed, katika kitabu chao cha mwaka 2015 juu ya Gandhi wa Afrika Kusini, wameonyesha jinsi alivyowaandika Waafrika kwa dharau katika miaka hiyo. Usawa wa shambani ulikuwa na ua wake, na majirani wa Inanda walibaki nje ya ua huo. Lakini dosari hiyo haimpi nguvu mwandishi wa vitabu vya mafanikio. Inathibitisha kwamba ukarimu hupimwa kwa kuuliza umemfikia nani, na kwa kiasi gani. Moyo wa mtoaji hautoshi kuwa kipimo.

Historia ya watu wa pwani katika mji huohuo inafundisha vivyo hivyo. Kuanzia mwaka 1873 meli za kivita za Uingereza ziliwashusha Durban watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa Msumbiji. Mji ukawaita Wazanzibari. Walitangazwa kuwa huru, kisha wakagawiwa waajiri kwa mikataba ya kazi katika koloni lililokuwa na kiu ya vibarua. Hisani iliwatoa majahazini. Masharti ya kazi yakaachwa kwa wenye kuihitaji kazi hiyo.

Desturi hiyo haijafa. Mbele ya maduka ya Durban husimama walinzi wa magari, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo, na Kiswahili chao husikika kati ya magari mchana kutwa. Mara nyingi hawana mshahara. Huishi kwa bahshishi, na katika maegesho mengi humlipa msimamizi ada ya siku ili waruhusiwe kusimama hapo. Mwenye gari anayetoa sarafu ana haki ya kujiona mkarimu, na sarafu yake inanunua mkate wa kweli. Lakini ukarimu wake umeziba pengo ambalo mwenye maegesho ameliacha kusudi: mali inalindwa, mshahara haulipwi, na anayelinda ndiye anayetozwa. Kitabu kinachomfundisha mteja kutoa kwa tabasamu, kisha kikanyamaza juu ya ada hiyo, kimejifunza adabu na kuukimbia uadilifu.

Watetezi wa soko watajibu kwamba anayelipa zaidi ya washindani wake atafunga duka. Ruskin alikwisha kuijibu hoja hiyo: uaskofu haupigwi mnada ili apewe padri anayekubali malipo madogo kuliko wenzake. Jamii tayari inazo kazi ambazo imekataa kuzishusha bei, na kukataa huko ni uamuzi wa watu. Uamuzi huohuo waweza kuchukuliwa kwa mlinzi wa gari.

Kwa hiyo vyuo vinavyosomesha biashara, Durban na kwingineko, viache kuuliza kama kitabu kinamgusa msomaji. Viulize ni mstari gani wa daftari la mishahara unaobadilika baada ya kukisoma. Kutoa ni moyo, si utajiri, na methali hiyo inaifaa sadaka. Ujira ni deni, na mdai hapaswi kungoja moyo wa mdaiwa ulainike.