Kukaa Meza Moja Si Kusoma Pamoja

Likizo ya Agosti ikifika, mzazi wa Malindi akiona watoto wanne wamezunguka meza na kitabu kimoja katikati, roho yake hutulia. Huwapelekea hata chai na mahamri. Akimkuta binti yake ameinamia simu, ijapokuwa kwenye kioo mna hesabu za kidato cha nne, atafoka: "Weka simu, usome!" Walimu nao huichochea imani hiyo. Majadiliano, wanasema, ni ana kwa ana; hayo ya WhatsApp ni porojo.

Imani hiyo ni mbovu, na wanaoumia ni watoto wapole.

Tuitazame kwanza meza yenyewe. Chukua swali la aina ambayo watahiniwa wa KCSE wanaijua vizuri: dau linatoka Malindi, linakwenda kilomita 12 kwa uelekeo wa nyuzi 060, kisha linageuka na kwenda kilomita 5 kwa uelekeo wa nyuzi 150. Liko umbali gani na lilikoanzia? Mezani, yule hodari anashika kalamu, anachora pembetatu na kutangaza: "Hii ni Pythagoras tu, jibu 13." Wenzake wanatikisa vichwa, wananakili, wanafungua ukurasa wa pili. Swali limeisha haraka, lakini aliyelielewa ni yuleyule aliyekuwa akilielewa kabla hajaketi. Muulize wa pembeni kwa nini pembe ile ni nyuzi 90, atakutazama tu.

Swali hilohilo lipeleke kwenye kundi la simu. Wa kwanza anaandika: "17." Amejumlisha 12 na 5. Kosa limekaa pale, kila mtu analiona, wala hakuna sauti kubwa ya kulifunika. Wa pili anauliza: "Mbona umejumlisha, na dau limepinda?" Wa tatu hana mahali pa kunyooshea kidole, kwa hivyo inambidi aseme kwa maneno: "Lilikuwa 060 likaingia 150. Ukitoa, limepinda nyuzi 90. Basi 12 mara 12 ni 144, 5 mara 5 ni 25, jumla 169, kipeuo chake cha pili ni 13." Maelezo hayo aliyobanwa kuyaandika ndiyo masomo yenyewe. Na aliyeandika 17 anaweza kuyarudia saa tano usiku bila kumwomba mtu radhi.

Haya si madai ya mpenda simu. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa wanafunzi kazi ya kutoa mawazo. Wanne waliofanya kila mtu kivyake, mawazo yao yalipokusanywa, waliwashinda wanne waliokaa pamoja. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu kubwa: mezani huzungumza mmoja, na wengine wakingoja zamu wazo linawapotea au wanalimeza. Kwenye maandishi hakuna zamu. Huko Marekani, Gerry Stahl wa Chuo Kikuu cha Drexel alitumia miaka kuchunguza wanafunzi waliotatua hesabu kwa kuandikiana mtandaoni, wakiwa na ubao wa pamoja wa kuchorea. Alichokiona ni watoto wakijenga hoja kwa pamoja, huyu akiliendeleza wazo la yule. Porojo hazijengi hoja.

Turudi kwetu. Kaunti ya Kilifi ni pana. Shule zikifungwa, wanafunzi wa darasa moja hutawanyika: huyu Marafa, yule Bamba, mwingine Mtwapa. Kukutana ni nauli. Binti anatakiwa awe nyumbani kabla ya Magharibi, na kabla ya vitabu kuna maji ya kuteka na vyombo vya kuosha. Meza ya saa kumi jioni haimngoji. Kundi la simu linamngoja. Humo pia mwenye kigugumizi hachekwi, na mwenye Kiingereza cha kubabaisha hupata nafasi ya kusoma swali mara mbili kabla ya kufungua kinywa. Tunawasifu kwa ukimya, tukidhani ni adabu, kumbe wamenyimwa nafasi.

Nitaambiwa si kila nyumba ina simu ya maana. Ni kweli, na hoja hii ni nzito. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wasirudi darasani hadi Januari 2021, mwenye simu ya mulika mwizi aliachwa nyuma. Lakini dawa yake ni watoto wawili watatu wa jirani kutumia simu moja ya mzazi kwa saa maalumu. Kuwanyima wote hakumsaidii yeyote. Nitaambiwa pia watoto hutumiana majibu. Hutumiana, na kundi lililogeuka ghala la picha za majibu limekufa. Ila kunakili kulianza mezani, miaka mingi kabla ya simu kufika Malindi.

Meza ina ubora wake, nao si ule tunaousifia. Susan Straus na Joseph McGrath, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1994, walilinganisha vikundi vya watu watatu, vingine ana kwa ana na vingine kwa kompyuta. Ubora wa kazi haukutofautiana sana. Waliokutana walifanya mengi zaidi, hasa palipohitajika kukubaliana. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani wanaogawana kazi ya mradi na wakutane, maana jambo la dakika kumi chini ya mwembe linaweza kuchukua siku mbili kwenye simu. Jaribio la kemia nalo halifanyiki kwa kuchati.

Kwa hivyo utaratibu ugeuzwe. Kila mmoja aandike jaribio lake kwanza kwenye kundi, hata likiwa bovu. Jibu lisilo na sababu lisipokewe. Wakishajua wanatofautiana wapi, ndipo wakutane na kubishana, kalamu ikipokezanwa, yule hodari akishika mwisho.

Nawe mzazi, kabla ya kumpokonya mwanao simu, mwambie akuonyeshe mazungumzo. Ukikuta picha za majibu na vichekesho, mpokonye. Ukikuta "kwa nini?" na "mbona umejumlisha?", mnunulie bando. Kisha nenda pale mezani ulipopeleka mahamri, umwite kila mtoto peke yake, umwombe akueleze lile swali. Hapo ndipo utajua nani alikuwa anasoma.