Gari Linapovuma, Usikimbilie Kununua Beringi

Leo naweka Linux na lugha za programu kando. Nataka tuongee kuhusu kelele za magurudumu, kwa sababu naona jambo hili linatuhusu sisi watu wa tarakilishi kama linavyowahusu mafundi wa gereji. Msimamo wangu nautoa mapema: gari likianza kuvuma, kununua kipuri kabla ya kujua sauti inatoka wapi ni kamari. Na hapa Kangema kamari hiyo tunaichezea kwenye miteremko.

Anayejua barabara ya kutoka Murang'a mjini kupanda Kangema, na zile za kwenda Kanyenya-ini na Kiria-ini, ananielewa. Ni kona juu ya kona, kilima juu ya kilima, chai kushoto na chai kulia. Ukiacha lami unaingia kwenye udongo mwekundu na kokoto. Probox inabeba watu, majani ya chai, maparachichi na mbuzi wa mtu, yote kwa safari moja. Magurudumu ya huku yanafanya kazi ngumu.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Gari linaanza kutoa mvumo, "wuuuu", ukifika kilomita 50 au 60 kwa saa. Mwenye gari anaongeza sauti ya redio. Baada ya wiki mbili redio haitoshi tena, anakwenda gereji. Fundi anasikiliza dakika moja na kusema, "Hiyo ni beringi." Beringi inabadilishwa, mvumo unabaki. "Basi ni ya upande wa pili." Inabadilishwa, mvumo bado upo. Jirani yangu mmoja alipitia njia hiyo hiyo: beringi mbili mpya, halafu ikaonekana tatizo lilikuwa matairi ya nyuma yaliyoliwa vibaya.

Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hii vizuri. Ni ile ya kubadilisha mstari huu, kubadilisha ule, kuendesha programu tena na kuomba Mungu. Ikikubali, hujui ni kwa nini. Ikikataa, umeongeza matatizo mapya juu ya lile la zamani. Dawa yake ni moja, kwenye msimbo na kwenye gari: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kila jaribio ligawe washukiwa katika mafungu mawili.

Tuanze na swali la kwanza: sauti inafuata injini au inafuata magurudumu? Simamisha gari na ukanyage mafuta. Kama mvumo ule ule unasikika gari likiwa limesimama, acha magurudumu, uangalie injini. Kama unasikika gari likitembea tu, na unapanda na mwendo hata ukibadilisha giya, tafuta chini. Wengine hutoa giya gari likiwa mbioni ili wasikilize. Hilo lifanye mahali tambarare na patupu peke yake. Kwenye mteremko, ukitoa giya umepoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo.

Swali la pili: sauti inabadilika lami ikibadilika? Ukitoka kwenye lami yenye kokoto kubwa ukaingia kwenye lami laini na kelele ikapungua sana, mshukiwa ni tairi. Beringi iliyochoka haijali sana aina ya lami.

Swali la tatu, na hapa kona zetu zina faida: sauti inabadilika ukikata kona? Ukikata kushoto, uzito wa gari huhamia magurudumu ya kulia. Mvumo ukiongezeka hapo na kupungua ukikata kulia, beringi ya kulia ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Lakini kama ni mgongano wa "ka-ka-ka" ukizungusha usukani mpaka mwisho kwa mwendo mdogo, hiyo ni habari nyingine: angalia viungio vya shafti za magurudumu ya mbele.

Kisha tumia mikono. Gari likiwa limepoa na kusimama, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kwenda na kurudi. Ukihisi mabonde au meno kama ya msumeno, tairi limeliwa vibaya, na mara nyingi chanzo ni shokabzoba zilizokufa au magurudumu yasiyonyooka. Ukibadilisha tairi bila kurekebisha hayo, miezi michache tu na jipya litakuwa kama la zamani. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mzee hukauka, na mpira mkavu una kelele. Ukitaka ushahidi zaidi, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma. Kelele ikihama nayo, umeshika mwizi.

Na usisahau kokoto. Jiwe dogo likinaswa kati ya diski ya breki na bati linaloikinga, hukwaruza kwa kelele ya kutisha, na kulitoa hakuhitaji kipuri chochote.

Wapenda hesabu nanyi mna lenu. Tairi la 175/65R14 lina mzingo wa takriban mita 1.83. Kwa kilomita 60 kwa saa linazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Kwa kilomita 20, mara 3. Kasoro inayogonga mara moja kila mzunguko utaihesabu kwa sikio ukienda polepole, lakini kwenye 60 utaihisi kama mtetemo. Mtetemo ukija usukanini, anza kuchunguza mbele; ukija kwenye kiti, anza nyuma. Zipo pia programu za rununu zinazochora masafa ya sauti, kwa njia ya hesabu ambayo Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965. Zitumie, ila hazishindi kiganja chako.

Sasa nimtetee fundi. Anabahatisha kwa sababu sisi wateja tunalipia kipuri na kazi ya kukifunga, hatulipii kazi ya kutafuta. Akitumia saa nzima kuinua magurudumu kwa jeki, kuyazungusha moja moja na kuyatikisa, kisha akatoa kijiwe tu, tutamwambia, "Si umetoa kijiwe tu?" Ndivyo wateja wetu wanavyotuambia tukitumia siku tatu kutafuta hitilafu iliyorekebishwa kwa herufi moja. Tukitaka uchunguzi, tuulipie kama kazi.

John Michuki, aliyekuwa mbunge wa Kangema na waziri wa uchukuzi, alitoa sheria za matatu mwaka 2003, zikaanza kutekelezwa Februari 2004: mikanda ya usalama, na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Zilisaidia. Lakini kidhibiti mwendo hakisikii beringi, na ukaguzi wa kila mwaka ni wa siku moja tu. Beringi ikiachwa mpaka mwisho inaweza kukamata au kuachia gurudumu, na hapo ndani kuna abiria waliolipa nauli wafike nyumbani.

Ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Basi punguza redio, usikilize, uulize maswali kwa mpangilio, ndipo ufungue pochi. Na nati za gurudumu zikiwa zimelegea au gurudumu linacheza ukilitikisa, usiendeshe "mpaka Murang'a tu". Simama hapo hapo.

Haya, kwa leo naishia hapa. Safari njema.