Kadutu: Mtoto anayenyonya apewe dawa ya chuma, au apimwe kwanza?

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Neno hilo mama wa Kadutu wamelisikia katika kila kituo cha afya, toka Cimpunda hadi Nyamugo. Swali gumu linakuja baada ya hapo: mtoto anayenyonya aongezewe madini ya chuma? Na nani aamue: mama mwenyewe, muuza dawa wa farmasi, au kipimo cha damu?

Swali hili si dogo. Chuma ndicho kinachotengeneza damu, na ubongo wa mtoto unakihitaji sana katika miaka miwili ya kwanza. Mtoto aliyekikosa muda mrefu anaweza kuchelewa kusema, kutembea na kujifunza, na sehemu ya hasara hiyo ni vigumu kuirudisha hata akitibiwa baadaye. Lakini katika jimbo lenye malaria kama Kivu Kusini, kumpa kila mtoto siro ya chuma bila kumpima kunaweza pia kumdhuru.

Akiba inaisha lini?

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na kwa uzito mzuri huja duniani na akiba ya chuma aliyoipata tumboni. Akiba hiyo humtosha miezi minne hadi sita. Maziwa ya mama yana chuma ambacho mwili wa mtoto hukipokea vizuri, lakini ni kidogo: lita moja haifikishi hata nusu miligramu. Hiyo si sababu ya kuacha kunyonyesha, kwani maziwa yanaendelea kumlinda mtoto mpaka miaka miwili na zaidi. Maana yake ni kwamba kuanzia mwezi wa sita chuma kinachobaki lazima kitoke kwenye chakula au kwenye dawa.

Hapo ndipo familia nyingi zinakwama. Uji wa unga wa mahindi au wa muhogo peke yake hujaza tumbo, lakini hauna chuma cha kutosha. Ukifuatwa na chai, hata kile kidogo kilichomo hakipokelewi vizuri.

Takwimu zinasema nini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliopima akina mama 744 pamoja na watoto wao katika Kivu Kusini na Kongo-Kati, unaonyesha ugumu wa jambo hili. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 wa Kivu Kusini, hesabu iliyozingatia urefu wa milima ilionyesha asilimia 59 wana upungufu wa damu. Watafiti walipobadilisha hesabu na kuzingatia pia asili ya watu, idadi ilishuka hadi asilimia 26. Kuhusu chuma chenyewe, kipimo kimoja cha maabara kilisema kinakosekana kwa asilimia 51 ya watoto hao, kingine kikasema asilimia 14.

Tofauti hiyo ina uzito. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri watoto wa umri huo wapewe miligramu 10 hadi 12.5 za chuma kila siku, miezi mitatu mfululizo kwa mwaka, pale ambapo upungufu wa damu unafika asilimia 40 ya watoto. Kwa hesabu ya kwanza, Kivu Kusini imo. Kwa ya pili, haimo. Tena mwaka 2024 OMS ilishusha kiwango cha damu kinachohesabiwa kuwa upungufu kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, toka gramu 11 hadi 10.5 kwa desilita.

Kwa lugha nyepesi: wanaokosa chuma ni kati ya mtoto mmoja kwa saba na mmoja kwa wawili. Wapo, na ni wengi. Lakini si kila mtoto mwenye damu kidogo amekosa chuma. Wengine damu yao imeliwa na malaria, minyoo au magonjwa ya kurudiarudia.

Fundisho la Pemba

Kisiwani Pemba, Zanzibar, watafiti walijaribu kuwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki kila siku bila kuwapima kwanza. Zaidi ya watoto elfu 20 waliingizwa katika utafiti huo. Mwaka 2003 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati: waliopewa chuma walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Lakini katika kikundi kidogo kilichopimwa na kutibiwa malaria, watoto waliokuwa wamekosa chuma kweli walifaidika nacho.

Kwa hiyo OMS inasema kwamba penye malaria, chuma kiende pamoja na kinga, kipimo na matibabu ya malaria. Hapo ndipo hali ya sasa inatia hofu. Kivu Kusini ilikuwa kati ya majimbo yaliyopata vipimo, dawa na vyandarua kupitia programu ya Marekani, na Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada yake ya nje. Mwezi uliofuata AFC/M23 iliingia Bukavu, safari za ndege za Kavumu zikasimama na mabenki yakafunga. Kipimo cha malaria kikikosekana, dawa ya chuma nayo inakuwa kamari.

Kinachowezekana sasa

Kazi inaweza kuanza kwenye chumba cha kuzalia: kungoja dakika moja hadi tatu kabla ya kufunga kitovu humpa mtoto damu na chuma zaidi, na hakuna anachotozwa mzazi. Mama mwenye mimba amalize vidonge vyake vya chuma. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, au kabla ya wakati, asingoje miezi sita, kwani akiba yake ni ndogo. Mganga ndiye wa kumpangia dawa mapema.

Akifika miezi sita, sambaza za soko la Kadutu, zikikaushwa na kusagwa, ziingie kwenye uji. Maharagi yaliyopondwa, uji wa masoso, na kipande cha pera au embe husaidia pia. Aina za maharagi zenye chuma zaidi zimeshughulikiwa hapa karibu, INERA Mulungu.

Na siro? Itolewe baada ya tone la damu na kipimo cha malaria, siku ileile mtoto anapopelekwa kwenye mzani. Wanaosimamia afya ya mji huu, wawe wa upande gani, wahakikishe vipimo hivyo viwili havikosekani. Mama wa Kadutu hapaswi kukisia mbele ya meza ya farmasi.