Mwimbaji Anapocheza Mwimbaji Katika Sinema

Wako watu wa heshima hapa kwetu Pwani ambao hawana neno na kasida, wala na udi na ganuni katika harusi ya watu wa adabu. Lakini ukiwatajia habari ya mwimbaji kuingia katika sinema na kuitwa jina lisilo lake, hukunja uso. Hoja yao ni moja. Mwimbaji akisimama mbele ya watu kwa jina lake ni mtu wa fani yake, wasema. Bali akijitia kuwa fulani binti fulani, akalia machozi ya kununua na kupenda mapenzi ya kubuni, basi amesema uongo, na sauti yake imeingia katika uongo huo. Nimeisikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, na baadhi yao ni walimu, kwa hivyo siipuuzi. Lakini siikubali.

Tumchukue Umm Kulthum, maana yeye ndiye anayetajwa kwanza. Alicheza katika sinema 6 tu, ya kwanza Widad mwaka 1936 na ya mwisho Fatma mwaka 1947, kisha akaachana na kamera akabaki na jukwaa na redio. Katika 3 kati ya hizo 6 yeye ni mjakazi mwimbaji wa zama za kale: Widad ni ya zama za Mamaluki, Dananir ya mwaka 1940 ni ya Baghdad ya Harun al-Rashid na mawaziri wake Mabarmaki, na Sallama ya mwaka 1945 ni ya zama za Banu Umayya. Hii ya mwisho ndiyo ninayotaka tukae nayo kidogo.

Sallama hakubuniwa Cairo. Habari zake zimo katika vitabu vya kale vya Waarabu: mjakazi mwenye sauti, na mcha Mungu mmoja wa Makka, Abdul-Rahman, ambaye kwa wingi wa ibada zake watu walimwita al-Qass. Alipita akaisikia sauti, moyo ukamponyoka. Siku walipokuwa faragha mwanamke akamwambia kuwa ampenda, naye akakiri kuwa ampenda pia, lakini akajizuia kwa kuikumbuka aya ya Surat Az-Zukhruf inayoeleza jinsi marafiki watakavyogeuka maadui Siku ya Kiyama isipokuwa wachamungu. Kisa hicho alikitungia riwaya Ali Ahmad Bakathir, Mhadhrami aliyezaliwa Surabaya, Indonesia, mwaka 1910, akalelewa Hadhramaut, kisha akahamia Misri. (Nasaba za namna hiyo twazijua wenyewe, jahazi zilizowapeleka wengine upande ule ndizo zilizowaleta wengine Amu na Mvita.) Na riwaya hiyo ndiyo iliyofanywa sinema.

Sasa, ndani ya sinema hiyo, Umm Kulthum kwa sura ya Sallama anasoma aya za Surat Ibrahim. Nawauliza wenye hoja yao: nani anayesoma pale? Sallama ni kivuli juu ya kitambaa cheupe. Anayesoma ni binti wa Sheikh Ibrahim, imamu wa msikiti wa kijiji cha Tamay al-Zahayra huko Delta, aliyetiwa chuoni angali mdogo, akakua akisikia maulidi na kasida kwa babake. Makhraji yale hakuyafunzwa na mwelekezi wa sinema. Atakayesema kuwa Kitabu hakifai kusomwa mahali pa mchezo, na aseme. Hukumu hiyo nawaachia wanazuoni. Lakini asiseme kuwa kisomo kile ni cha uongo, kwa kuwa aliyekipata chuoni hakukiacha mlangoni alipoingia studio.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza kuvaa mtu mwingine. Alipokuwa mtoto, babake alimvisha nguo za mvulana alipomchukua kuimba vijijini, ili aila isilaumiwe. Basi kabla ya kuvaa jina la Widad alikwisha kuvaa kanzu isiyokuwa yake, na watu wakasikiliza wakaondoka wameshiba.

Nasi washairi tumekuwa tukifanya nini miaka yote hii? Bwana Mwengo wa Pate, katika Utendi wa Tambuka ambao twaujua kwa maandiko ya mwaka 1728, alimpa Herekali mfalme wa Warumi kinywa cha kusemea. Hakuna aliyesema kuwa Mwengo amekuwa Mrumi. Anayesema kwa ulimi wa mtu mwingine, na msikilizaji anajua, hajamdanganya mtu.

Tena mara nyingine kisa cha kubuni hukaribia kweli kuliko gazeti. Farid al-Atrash na dadake Asmahan walitoka Jabal al-Druze wakiwa watoto, wakalelewa Cairo na mama aliyehangaika. Mwaka 1941 wakacheza sinema ya Intisar al-Shabab, na humo wao ni kaka na dada waliotoka Sham kuja Misri kutafuta riziki kwa sauti zao. Majina yalibadilishwa, njaa ilikuwa ile ile. Miaka 3 baadaye, Julai 1944, Asmahan alikufa gari lake lilipotumbukia mferejini, naye hajamaliza kuigiza Gharam wa Intiqam. Ikabidi mwisho wa sinema ubadilishwe. Mwimbaji wa kubuni alifuata ajali ya mwimbaji wa kweli.

Wahindi nao walianza kwa njia hiyo hiyo. K. L. Saigal alicheza na kuimba mwenyewe, na mwaka 1943 alikuwa Tansen, mwanamuziki wa baraza la Mfalme Akbar. Noor Jehan na Suraiya pia, sura yao na sauti yao. Kisha ikashika desturi ya mmoja kuimba studioni na mwingine kuchezesha midomo. Mwaka 1952 ikatoka Baiju Bawra, ambamo Tansen na Baiju wanashindana kuimba mbele ya mfalme. Wanaoshindana kwa kweli ni Ustad Amir Khan na D. V. Paluskar, mabingwa wawili wa muziki wa jadi wa Kihindi, na hakuna hata mmoja wao anayeonekana. Walioketi pale ni wachezaji. Sikatai kuwa Wahindi waliwajua waimbaji wao: Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar walikuwa na majina makubwa kuliko wachezaji wengi waliowaimbia. Lakini mwenye kutafuta uongo katika sinema, na autafute hapa kabla ya kumgusa Umm Kulthum.

Sauti hizo za Kihindi zilifika Mombasa, na Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alizichukua nyingi akazitilia mashairi ya Kimvita, mengine ya Ahmad Nassir. Huku kwetu hakukuwa na mtu wa kumfichia sura. Uliyemsikia ndiye uliyemwona.

Ndiyo maana nayaona mambo ya siku hizi kwa uchungu. Runinga zetu zimeanza kupenda visa vya Pwani, na kila penye harusi, au mke aliyeachwa, hutiwa taarabu. Niliyoyaona mimi mara nyingi ni msichana mzuri mwenye leso mpya anayechezesha midomo juu ya sauti ya mtu ambaye jina lake halimo hata mwisho, pale yanapopita majina ya waliobeba taa. Shairi lenyewe limekatwa katikati ya ubeti, vina vikaachwa vinaning'inia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mwimbaji na haki yake katika uimbaji wake, mbali na haki ya mtunzi. Wenye kutengeneza michezo hii wanayo mawakili wa kuwasomea.

Kwa hivyo nasema, aitwe mwimbaji mwenyewe. Apewe jina la kisa, apewe maneno ya kusema na si wimbo tu, na akiona neno halimstahi awe na haki ya kulikataa. Asiyetaka uso wake uonekane kwa ajili ya stara, hiyo ni haki yake wala asibughudhiwe. Basi sauti yake itajwe kwa jina na ilipwe.

Na kama wanatafuta kisa, wasisumbuke. Siti binti Saad alitoka Fumba, Unguja, akauza vyungu, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kutia nyimbo za Kiswahili katika santuri. Hiyo ni sinema nzima. Ila atakayemcheza Siti awe ni mtu anayeimba mwenyewe, na kama hajapatikana, wangoje.