Mbwa Wetu Hakuwa Jeuri, Alikuwa Anaogopa

Jamani wadau, samahani kwa kupotea. Zamu za usiku zimenibana, nikirudi ni kulala tu. Leo nimepumzika, chai iko mezani, na nina dukuduku. Wiki hii dada mmoja wa kwetu hapa Leicester kaniuliza wapi atapata mbwa wa kuwanunulia wanawe. Nimemwambia asinunue, naye kaninunia.

Kwetu Moshi tulikuwa na mbwa, Popi. Analala nje, anakula makombo, usiku anabwekea wezi. Hakuna aliyewahi kuuliza kama Popi ana huzuni. Zamani ningemcheka sana anayepeleka mbwa kwa daktari eti kwa sababu ya hofu. Lakini Popi hakuwahi kubaki peke yake hata siku moja. Bibi yuko migombani, jirani anapita kuomba moto, watoto wanatoka shule, kuku wanamkatiza mbele ya pua.

Simba wetu alikuja mwaka 2020 wakati wa korona, akiwa mdogo kabisa. Baba watoto alikuwa anafanyia kazi nyumbani, shule zimefungwa, mimi tu ndiye niliyekuwa natoka kwenda wodini. Mbwa akakua akijua kwamba nyumba ni mahali penye watu. Mwaka uliofuata wote wakarudi kazini na shuleni, na balaa likaanza. Akatafuna fremu ya mlango mpaka fizi zikatoka damu. Akakojolea zulia, yeye aliyekwisha zoea kujisaidia bustanini. Jirani akatuletea kikaratasi: mbwa wenu analia kutwa.

Mume wangu akasema huyu ni jeuri, anatukomoa, arudishwe. Akimgombeza, Simba anajikunyata, masikio chini, macho pembeni. "Unaona? Anajua kosa lake!"

Hapo ndipo ninapobishana naye, na Wabongo wenzangu wengi tu. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hili. Mbwa walionyesha uso wa hatia zaidi walipogombezwa, wawe wamekula walichokatazwa au hawakukila. Kwa hiyo uso ule ni jibu la hasira zetu, si maungamo. Ukimfokea jioni kwa mlango alioutafuna asubuhi, unamfundisha tu kwamba hata kurudi kwako kunatisha.

Tukaacha simu ya zamani sebuleni irekodi. Mlango umefungwa tu, hata dakika tano hazijaisha, anahema, udenda unamtoka, anakwaruza pale pale tulipotokea. Chakula hakigusi. Mimi ni nesi, binadamu wenye hofu ya namna ile nimewahudumia, na hakuna anayewachapa. Daktari wa wanyama akaandika klomipramini. Nilishtuka, maana dawa hiyo naijua, sisi tunawapa wagonjwa wa sonona!

Akatuonya kwamba kidonge peke yake hakitoshi. Lazima mazoezi: toka nje sekunde chache, rudi kabla hajahangaika, kesho ongeza kidogo. Shika funguo, vaa koti, halafu kaa chini utazame runinga, mpaka mlio wa funguo usimtishe tena. Watoto walicheka sana kuniona navaa koti kwenda jikoni. Na kipindi chote hicho asiachwe peke yake kupita anavyoweza. Ndiyo maana nilihamia zamu za usiku, mlio kuwa mkiniuliza: mchana mimi nimelala, naye kalala mlangoni kwangu. Ilituchukua karibu mwaka, na ndoa iliyumba kidogo, sitaficha. Sasa anavumilia saa tatu, basi.

Mashirika ya kutetea wanyama hapa yanashauri mbwa asiachwe peke yake zaidi ya saa nne. Dada yangu huyu na mumewe wote wana zamu za saa 12, ongeza na foleni ya barabarani. Watoto wako shule. Huyo mbwa atakaa na nani? Akishatafuna makochi watasema hana adabu, watamchapa, kisha watampeleka kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa.

Sasa niambieni nyie, nimemkosea? Uwanja wa maoni ni wenu, hata wa kunipinga karibuni. Mimi namtoa Simba kabla mvua haijaanza.